Mahali dosie ya kesi inalala, na namna ya kuiomba

Somo: Ezra 5:3 mpaka 6:5



Tangu tulipozungumza redioni juu ya wafungwa, wasikilizaji wengi wa Kpandroma na wa vijiji vya kando wametuuliza neno moja: mtu wetu alihukumiwa, karatasi tutaipata wapi? Wengine wameuliza kwa upande mwingine. Kijana amekuja kuposa binti yetu, na watu wanasema alifungwa juu ya wizi. Tutajuaje kama ni kweli? Haya ni maswali ya sheria, lakini yanaingia hata ndani ya kanisa, na tutaanza na kosa letu wenyewe.

Miaka iliyopita, katika kanisa moja tulilokuwa tunachunga, ndugu mmoja mpiga gita alikamatwa juu ya ng'ombe waliopotea. Alikaa gerezani miezi mingi. Alipotoka, maneno yalikuwa yamemtangulia nyumbani: alihukumiwa, wazazi wake wakauza shamba, wakapitisha feza chini ya meza. Sisi wazee wa kanisa tuliketi, tukamwondoa katika huduma. Yeye alisema juji alimwachilia, nasi tukajibu kwamba kila mwizi husema hivyo. Hatukumwuliza karatasi. Zaidi ya mwaka mzima alikaa kwenye benchi la nyuma. Kisha mjomba wake akatoka Bunia na kopi ya hukumu, kurasa nne zenye muhuri. Mwalimu mmoja wa sekondari alitusomea Kifaransa akitafsiri polepole. Ukurasa wa mwisho ulisema kosa halikuthibitishwa, mshitakiwa anaachiliwa, na gharama za kesi zinabaki kwa hazina ya serikali. Tukatazama tarehe. Siku ile tulipoketi kumwondoa, karatasi hiyo ilikuwa imekwisha kuandikwa zamani, imelala ofisini, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwenda kuiomba.

Tulimwomba msamaha mbele ya kanisa lote. Alitusamehe. Gita hajalishika tena mpaka leo.

Ndiyo sababu tunapenda sana habari ya Ezra. Wayahudi walikuwa wanajenga nyumba ya Mungu, na liwali Tatenai akaja kuuliza nani aliwapa ruhusa. Wakajibu kwamba ni mfalme Koreshi. Tatenai hakuwapiga, wala hakuamini maneno matupu. Aliandika barua kwa mfalme Dario kuomba vitabu vitafutwe, na wakati barua inasafiri, kazi ya kujenga haikusimamishwa. Walitafuta Babeli. Lakini karatasi ilionekana Ahmetha, mji mwingine kabisa, katika jimbo la Umedi. Msomaji akipita haraka ataona ni jina la mji tu. Mtu aliyekwisha kutafuta dosie ya ndugu yake anaelewa mara moja: unaweza kuwa na haki, na karatasi ya haki yako ikawa inalala mahali usipopafikiria.

Basi tuone dosie yetu inasafiri namna gani.

Mtu akikamatwa na polisi, anayemwuliza maswali ni OPJ. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 18, inasema mtu hawezi kuzuiliwa kwenye kasho kupita saa 48. Muda huo ukiisha, aachiliwe au apelekwe mbele ya mamlaka ya sheria inayostahili. Inasema pia aambiwe sababu ya kukamatwa kwake katika luga anayoielewa, na aruhusiwe kuwasiliana na jamaa yake au avoka. Kwa hiyo swali la kwanza la familia lisiwe "tutoe ngapi?" Muulize OPJ: dosie inapelekwa parke gani, na siku gani? Andika jibu. Watu wengi wa kwetu wametumia feza ya safari kwenda Bunia, na kumbe dosie ilipelekwa upande wa Mahagi, ama kinyume chake.

Kule parke dosie hupewa namba, nayo huanza na herufi RMP. Prokirere akiona kesi ina nguvu, anaipeleka tribinali, na hapo inapata namba mpya yenye herufi RP. Hukumu ikikatiwa rufaa, tribinali ya juu inaandika namba ya tatu, RPA. Ni mtu mmoja na jambo moja, lakini namba ni tatu, na kila ofisi inajua namba yake tu. Ukifika tribinali na RMP peke yake, karani anaweza kukurudisha; si kwamba anakuchukia, kitabu chake hakisomi herufi hizo. Mama mmoja wa kanisa letu aliandika namba zote tatu za mtoto wake nyuma ya kitabu chake cha nyimbo. Tulicheka kidogo. Baadaye tuliona kwamba yeye ndiye aliyekuwa na akili kutupita sisi wote.

Sasa, tribinali ipi? Sheria ya tarehe 11 Aprili 2013 inagawanya kazi hivi: makosa ambayo adhabu yake haipiti miaka mitano ya kifungo yanaamuliwa na tribinali ya amani, ile watu huita Tripe. Makosa ya adhabu kubwa kupita hapo yanakwenda tribinali kubwa, yaani TGI. Rufaa ya Tripe inasikilizwa na TGI, na rufaa ya TGI inakwenda kwenye korti ya rufaa. Kumbukeni kwamba kabla ya mwaka 2015 Ituri ilikuwa sehemu ya Province Orientale, na makao makuu yalikuwa Kisangani. Anayetafuta rufaa ya miaka ile ya zamani asishangae kuambiwa aulize Kisangani. Hiyo ndiyo Ahmetha ya kwetu.

Kuna Ahmetha nyingine iliyo karibu zaidi. Tangu tarehe 6 Mei 2021, utawala wa kijeshi, ule tunaouita eta de sieji, ulipoanza Ituri na Kivu ya Kaskazini, kesi za makosa ziliondolewa mikononi mwa tribinali za raia na kupelekwa kwa tribinali za kijeshi, hata kama aliyeshitakiwa ni mkulima ambaye hajawahi kushika bunduki. Kwa hiyo ukitafuta kesi ya wakati huo na mlangoni pa tribinali ya raia wakakuambia haipo, usirudi nyumbani ukilia. Uliza kwa oditora ya kijeshi, ambayo inafanya kazi ya parke upande wa jeshi, kisha uliza grefe ya tribinali ya kijeshi.

Na ikiwa majuji walikuja wenyewe kusikiliza kesi kijijini, katika kikao cha kusafiri, hukumu ikasomwa uwanjani watu wote wakiona, vitabu havikubaki uwanjani. Vilirudi na majuji mahali makao ya tribinali yao yalipo. Utavifuata huko.

Neno grefe tumelitaja, tulieleze. Ni ofisi ya makarani wa tribinali, na mkubwa wao ni grefie. Juji anaamua, grefie ndiye anayetunza vitabu, anayeandika yaliyosemwa katika kikao, na anayetoa kopi. Wakristo wengi wanafika tribinali na kumtafuta juji nyumbani kwake jioni, wamebeba kuku. Tafadhali, achaneni na jambo hilo. Linakuharibia jina, linamharibia juji jina, na kopi haiko nyumbani kwake.

Wengine wanaogopa hata kuuliza, wakidhani mambo ya tribinali ni siri ya wakubwa. Sivyo. Kifungu cha 20 cha Katiba kinasema vikao vya tribinali viko wazi kwa watu, isipokuwa juji akiona uwazi unaleta hatari kwa usalama wa watu au kwa adabu, ndipo anaamuru milango ifungwe. Kifungu cha 21 kinasema kila hukumu iandikwe, itoe sababu zake, na isomwe mbele ya watu. Kuingia na kusikiliza hakulipiwi. Mbele ya kikao orodha ya kesi za siku hubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Fika mapema uisome, uone kama jina la mtu wako liko.

Kinachobaki siri ni uchunguzi wa parke. Wakati prokirere anaendelea kuuliza mashahidi, dosie haifunguliwi kwa mtu yeyote anayepita, na kuna sababu: mashahidi wanaishi katika vijiji vyetu, na kwetu mtu anaweza kuuawa juu ya neno alilosema. Hapo familia ipite kwa avoka. Lakini hata wakati huo unaweza kuuliza tarehe. Karatasi ya kwanza ya prokirere ya kumfunga mtu ina nguvu ya siku tano, na baadaye mtu afikishwe mbele ya juji, akiongezewa siku za safari ikiwa juji yuko mbali. Juji akikubali azuiliwe, ni siku 15, kisha inaweza kurudishwa mwezi kwa mwezi. Kila mara kuna karatasi yenye tarehe. Familia inayojua tarehe hizo inasaidia avoka kuliko familia inayokuja na machozi tu.

Sasa kuomba kopi ya hukumu. Andika barua kwa grefie mkubwa wa tribinali ile iliyohukumu. Kwa Tripe anaitwa grefie titileri, kwa TGI ni grefie divizioneri. Barua iwe ya Kifaransa, kwa kuwa ndiyo luga ya kazi yao. Mwalimu yeyote wa sekondari anaweza kukusaidia. Isiwe ndefu. Sema wewe ni nani, na namba ya kadi yako ya mchaguzi. Wewe ni nani kwa yule aliyehukumiwa au aliyeshitaki. Namba ya RP. Majina ya pande zote mbili. Tarehe hukumu iliposomwa. Na kwamba unaomba kopi ya hukumu yenye muhuri na sahihi ya grefie. Taja sababu kwa mstari mmoja: kukata rufaa, kupata kazi, kumaliza neno katika familia. Andika barua mara mbili. Moja wanabaki nayo, ya pili waitie muhuri wa kuipokea na tarehe, na wewe unarudi nayo. Barua isiyo na muhuri wa kupokelewa ni kama haikufika.

Huna namba ya RP? Leta mwaka, mwezi, na majina kamili kama yalivyo kwenye kadi. Na hapo tuwe wavumilivu, maana majina yetu yanaandikwa namna nyingi. Jina linaloanza na Ndj mwingine ataliandika Nj, na yule anayeitwa Jean nyumbani anaweza kuwa ameandikwa kwa jina la babu yake tu. Mwombe grefie atafute kwa namna zote mbili. Tumeona mtu aliyeambiwa mara tatu kwamba hayumo kitabuni, na kumbe yumo, herufi moja imebadilika.

Juu ya feza: kopi inalipiwa, na bei inawekwa na serikali. Feza ya serikali inaingia kwa njia ya DGRAD, na inatoa karatasi ya malipo. Omba bei iandikwe, lipa mahali palipoonyeshwa, tunza karatasi. Ukiombwa feza isiyo na karatasi, uliza kwa heshima: "Mzee, hii inaandikwa wapi?" Mara nyingi swali hilo linatosha. Maskini kabisa anaweza kuomba asamehewe gharama, akileta karatasi inayothibitisha umaskini wake kutoka kwa wenye mamlaka ya mahali anapokaa. Si aibu kuiomba.

Usikubali fotokopi isiyo na muhuri. Hiyo ni ya kusoma tu. Mbele ya tribinali nyingine au mbele ya patroni haisaidii.

Hapa tunataka kukaa kidogo, maana hapa watu wetu wanaumia zaidi. Katika kesi ya makosa, rufaa inakatwa ndani ya siku kumi. Ikiwa mshitakiwa alikuwapo na kujitetea, siku zinahesabiwa tangu hukumu ilipotamkwa. Si tangu ulipopata kopi. Si tangu ulipopata feza ya pikipiki. Baba mmoja wa kwetu alihudhuria hukumu ya mtoto wake, akarudi Kpandroma kutafuta feza ya kopi, akidhani hawezi kukata rufaa bila kuishika mkononi. Barabara ikafungwa juu ya mapigano. Alipofika tena Bunia ilikuwa siku ya kumi na nne. Mtoto alikuwa na neno zuri la kusema mbele ya majuji wa juu, na halikusikilizwa kamwe. Kumbe rufaa inatangazwa grefe kwa mdomo au kwa barua, na mwenyewe au avoka aliyetumwa naye kwa karatasi, hata kama hukumu haijaandikwa vizuri bado. Kwanza tangaza rufaa, chukua karatasi inayoonyesha umeitangaza, kisha tafuta kopi. Yule aliyehukumiwa bila kuwapo ana njia nyingine, ya kupinga hukumu mbele ya tribinali ileile. Nayo ni siku kumi, tangu alipopelekewa hukumu mwenyewe.

Ukishapata kopi, anza na ukurasa wa mwisho, ndipo penye uamuzi. Tazama vizuri, kwa sababu kutoka gerezani kuna milango mingi, na kijijini yote huitwa "alitoka". Mtu aliyepewa uhuru wa muda ametoka, lakini kesi inaendelea. Huenda alilipa dhamana, nayo ni feza ya sheria yenye karatasi, si rushwa. Mtu ambaye parke ilifunga dosie yake bila kuipeleka mbele hakuhukumiwa, wala hakutangazwa na juji kuwa hana kosa. Aliyeachiliwa na hukumu ametamkwa kwamba kosa halikuthibitishwa juu yake. Aliyemaliza kifungo amelipa deni lake kwa sheria. Tofauti hizi si ndogo kwa mama mkwe. Na kama unataka kujua hukumu imekuwa ya mwisho, mwombe grefie karatasi inayosema hakuna aliyekata rufaa. Mpaka hapo, kifungu cha 17 cha Katiba kinamhesabu mshitakiwa kuwa hana kosa.

Kwa wale wanaouliza juu ya kijana wa kuposa: msiende kupekua kwa kificho. Kuna karatasi inayoonyesha kama mtu amewahi kuhukumiwa, inaitwa kazie jidisieri, nayo inaombwa na mwenyewe kwa upande wa parke. Mwambieni ailete. Akikataa, mmejifunza kitu. Akiileta na ndani yake mna kosa la zamani, mzungumze naye kama watu waliosamehewa wanavyozungumza.

Kuna kesi ambazo hatutamsaidia mtu kusambaza karatasi zake. Kwanza ni za kunajisi na kutendea mtu mabaya ya mwili. Sheria za tarehe 20 Julai 2006 zinaamuru heshima na usalama wa aliyetendewa vilindwe, naye anaweza kuomba milango ya kikao ifungwe. Kopi ya namna hiyo ikipita mkono kwa mkono kwenye simu, binti huyo anatendewa mara ya pili. Pili ni kesi za watoto, ambazo tangu sheria ya tarehe 10 Januari 2009 zina tribinali yao, na vikao vyao havifunguliwi kwa watu wote.

Ndugu mmoja alituambia: haya yote ni magumu, afadhali La Haye. Alisema kwa mzaha, lakini kuna kweli ndani yake. Kesi za Ituri zilizopelekwa mbele ya Korti ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai ziko kwenye intaneti, kwa Kifaransa na Kiingereza, na mtu yeyote anaweza kuzisoma bila kuandika barua. Juu ya shambulio la Bogoro la tarehe 24 Februari 2003, mtu atasoma kwamba Germain Katanga alihukumiwa mwaka 2014 na kupewa miaka 12, na kwamba Mathieu Ngudjolo aliachiliwa tarehe 18 Desemba 2012, uamuzi uliothibitishwa katika rufaa tarehe 27 Februari 2015. Atasoma pia sababu za majuji, na mahali pengi ataona maneno yamefunikwa kwa weusi ili shahidi asijulikane. Kwetu, huku na huku, watu wamegombana miaka mingi juu ya hukumu hizo bila kufungua hata ukurasa mmoja. Hatusemi kila mtu atakubaliana na majuji. Tunasema kwanza wasome.

Tangu mwezi huu, katibu wa kanisa ana daftari jipya. Familia yenye mtu gerezani ije baada ya ibada ya Jumapili iandikishe RMP, RP, tarehe ya kikao na siku ya kumi inaangukia lini. Anao pia mfano wa barua kwa Kifaransa. Mje na karatasi na kalamu, mnakili.

Daftari la zamani la maamuzi ya wazee bado liko kabatini. Pale tulipoandika kwamba ndugu yule ameondolewa, tumeongeza kando, kwa wino mwekundu, namba ya RP na tarehe ya hukumu yake, na sote tumetia sahihi.